Mkariri Ufunguzi Hashindi Sataranji

Ingia klabu yoyote ya sataranji utamkuta kijana anakariri hatua 20 za ufunguzi wa Kisisilia kama anayejiandaa kwa mtihani wa taifa. Muulize hatua ya 12 ina kazi gani, atakukodolea macho. Kaaminishwa kwamba anayejua funguzi nyingi ndiye mshindi. Imani hiyo iliumbuliwa New York mwaka 1918.

Frank Marshall wa Marekani, mwenye kete nyeusi, alikuja na silaha aliyoiandaa nyumbani dhidi ya José Raúl Capablanca wa Kuba. Walicheza ufunguzi wa Kihispania. Hatua ya 8, Marshall akasukuma askari d5, akiacha yule wa e5 aliwe ili ashambulie. Inasemekana aliificha mbinu hiyo kwa miaka. Wapo wanaobisha, na mimi sina ugomvi nao. Capablanca aliandika baadaye kwamba alijua fika mpinzani wake anaifahamu kila njia ya shambulizi lile. Akamla askari hata hivyo.

Kilichofuata kilitisha. Malkia mweusi akafika h1, mfalme wa Capablanca akakimbia kwa miguu yake: f1, e2, d3, hadi c2. Na wale wanaohubiri "toa farasi mapema" watazame vizuri: farasi wake wa b1 hakunyanyuka mpaka hatua ya 32! Lakini Capablanca aliona jambo ambalo maandalizi hayakuliona. Malkia wa Marshall alikuwa amejibana g1, mbali na vita, huku askari weupe wa upande wa pili wakisonga. Mmoja alifika b7. Hatua ya 36, mchezo ukaisha.

Mtaniambia shambulizi la Marshall bado linachezwa na mabingwa, na baadhi yao hukwepa kabisa kukutana nalo. Kweli. Ila wanaolicheza wanajua mchezo wa ngome na askari wa mwisho unavyomalizwa, ndipo wanapojiongezea ufunguzi. Sisi tunaanza na mapambo, halafu tunashangaa kijana aliyetangulia kwa askari wawili anaambulia sare.

Makocha, wekeni mchezo huo ubaoni, mfiche kila hatua baada ya d5, na mwacheni kijana akae upande wa Capablanca kwa saa nzima, bila simu.