Dhahabu imeandikwa "nguo"

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nimerudi jana kutoka Kilwa Masoko na nina hasira.

Shangazi yangu alikuwa anaozesha binti. Akaona kwenye simu tangazo la duka moja la Dar: kidani na bangili, karati 21, "tunakufikishia salama mpaka mlangoni". Akalipa zote kwa simu. Duka likatia mali kwenye boksi la biskuti, likampa kondakta wa basi la kusini. Huo mlango ukageuka kuwa kibanda cha njia panda ya Nangurukuru, mzigo ukashushwa hapo, bodaboda akausogeza hadi Masoko. Kufungua, kidani kipo, bangili hakuna.

Duka linasema lilishakabidhi. Kondakta anasema yeye alipokea biskuti. Kilichonimaliza ni risiti ya mzigo: penye aina ya mali pameandikwa "nguo", na chini yake yale maandishi madogo tunayoyajua, kwamba mali inasafiri kwa hatari ya mwenyewe.

Nilipopiga simu, kijana wa dukani akanieleza kwa upole kabisa kuwa huwa wanaandika nguo "kwa usalama", mwizi asijue. (Alijua!) Sasa ukidai fidia, utalipwa nguo. Ulinzi wote wa mali ya mamilioni ni uongo mmoja kwenye karatasi, na uongo huohuo ndio unaomfunga mdomo mwenye mali.

Na msiniambie dhahabu haisafirishiki. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Ilizunguka Afrika yote kwa jahazi la tanga, ikafika Lisbon, ikafuliwa chombo cha kanisani kilichokamilika 1506, na kipo makumbusho ya huko hadi leo. Mporaji alijua kulinda mzigo. Mteja aliyelipa hafikishiwi bangili kilomita 300 na ushei za lami!

Wenye maduka wanajificha nyuma ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo kwa kawaida huchukulia kuwa muuzaji akishamkabidhi msafirishaji, amemkabidhi mnunuzi. Wasichokisema ni kwamba sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji aingie na msafirishaji mkataba unaolingana na aina ya mali. Asipofanya hivyo na mali ikapotea, mnunuzi anaweza kukataa kuwa amekabidhiwa. Dhahabu iliyoandikwa nguo inalingana na nini? Shangazi hakuulizwa.

Tena sheria hiyo tuliirithi kwa Waingereza, na wao kwa upande wa walaji wameshaiacha: kwa sheria yao ya 2015, mali ni hatari ya muuzaji mpaka imfikie mlaji mkononi. Sisi tunasubiri nini? Duka likate bima, liandike dhahabu na gramu zake, na hela zisiwe zake mpaka sonara wa Masoko ameweka mali kwenye mizani mbele ya mnunuzi. Bei itapanda kidogo, najua. Shangazi angelipa.

Harusi ilifanyika Jumamosi. Biarusi alivaa bangili za kuazima, na kila aliyemshika mkono alizijua ni za mama yake mdogo. Barua yetu wameipokea dukani. Nimewataka wajibu kwa maandishi.