Vyuma vya zamani vya gofu viuzwe kwa nyuzi, si kwa namba

Kati ya vilima vya Nakasero na Kololo, katikati ya Kampala, bonde la Kitante limebaki kijani kwa sababu ya gofu. Anayepita Barabara ya Yusuf Lule huwaona wachezaji na vijana wanaowabebea mifuko, akasema moyoni kwamba ule ni mchezo wa wenye nazo. Hajakosea sana. Seti mpya ya vyuma, yaani fimbo zenye vichwa vya chuma za kupigia mpira ukiwa kwenye majani, inaweza kumeza mtaji mzima wa mchuuzi.

Ndiyo maana vyuma vilivyotumika vina soko. Vinatoka kwa wachezaji wanaobadilisha seti, kwa wageni wanaomaliza mikataba na kuuza vitu vya nyumbani, na kwa jamaa walioko ng'ambo. Mnunuzi ni mwanafunzi wa mchezo, au kijana anayebeba mifuko ya wengine mchana na kujipigia mipira yake jioni. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Uganda walianzia hapo, kwenye kubeba mifuko. Fimbo mbaya ikimpata kijana wa namna hiyo, hana fedha za kununua nyingine.

Bidhaa yenyewe ni nzuri. Shati la mtumba huchakaa. Chuma kilichotunzwa hukaa miaka 40 na bado kikapiga. Tatizo ni kipimo. Kila fimbo imegongwa namba, na wauzaji wengi huuza kwa namba hiyo kana kwamba ni kilo. Namba si kilo. Kinachoamua mpira uruke juu au mbali ni mlalo wa uso wa fimbo, unaopimwa kwa nyuzi za pembe. Namba 7 nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa na nyuzi zinazokaribia 38. Namba 7 nyingi za leo, zinazotengenezewa wachezaji wa kawaida, zina nyuzi 30 au pungufu, karibu sawa na namba 5 ya zamani. Viwanda vimesimamisha uso wa fimbo ili mpira uende mbali, lakini namba vimeiacha ileile.

Wafanyabiashara wa mazao wanaijua hadithi hii. Ndiyo lumbesa: jina ni gunia moja, uzito ni mwingine. Kijana akinunua namba 5 ya zamani kwa muuzaji mmoja na namba 7 mpya kwa mwingine, anadhani amepata fimbo mbili za kazi mbili. Amelipa mara mbili kwa kazi moja. Uwanjani atakosa fimbo ya umbali fulani, kisha atailaumu mikono yake.

Kuuza kwa ahadi ya umbali nako hakusaidii. Nairobi iko juu kuliko Kampala, na Kampala iko juu sana kuliko Dar es Salaam. Kadiri nchi inavyoinuka, hewa huwa nyepesi na mpira huenda mbali zaidi. Fimbo iliyosifiwa Nairobi kwa mita kadhaa haitafikisha mita hizo ufukweni. Nyuzi hazibadiliki mpakani. Nyuzi 38 za Nairobi ni nyuzi 38 za Kampala, na kipimo cha namna hiyo ndicho kinachofaa soko moja la Afrika Mashariki.

Muuzaji mwaminifu basi apime kila fimbo na kuiandikia nyuzi zake. Kisha aikague kama fundi anavyokagua baiskeli kuukuu. Aviringishe mpini juu ya meza bapa aone kama umepinda. Atikise asikie kama kuna kutu inayocheza ndani. Atazame shingo, pale mpini unapoingia kwenye kichwa, kama pana ufa. Apitishe ukucha kwenye mistari ya uso. Ikiwa imelainika, aseme. Mpira wa kushikia ukikauka si hoja, maana hubadilishwa kwa gharama ndogo. Fimbo ikikosekana katika seti, bei ishuke.

Amweleze pia mnunuzi aina ya kichwa. Vyuma vyembamba vya kufuliwa, vyenye mgongo uliojaa, vinapendeza macho, lakini havimsamehe anayejifunza, na kitako chake chembamba huzama kirahisi kwenye udongo uliolainishwa na mvua za Kampala. Vichwa vilivyochimbwa mgongoni, uzito ukasogezwa pembeni, humvumilia zaidi. Ping Eye2, zilizotoka mwaka 1982, ni mfano wa aina hiyo, na nukta ya rangi kwenye kichwa chake huonyesha kama fimbo imeinuliwa au imelazwa kumfaa mrefu au mfupi. Anayeifuta nukta hiyo kwa kung'arisha amefuta taarifa ambayo mteja alikuwa analipia.

Wapo watakaosema mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Hoja hiyo ina nguvu pale mnunuzi na muuzaji wanapojua sawa. Hapa hawajui sawa. Tena biashara ya mitumba haina akiba kubwa ya sifa njema. Agosti 2023, Rais Museveni alitangaza huko Mbale kwamba nguo za mitumba zipigwe marufuku. Hoja ya kulinda viwanda vya nguo haigusi vyuma vya gofu, lakini malalamiko ya wateja waliodanganywa hugusa kila bidhaa iliyotumika.

Mpakani pia ukweli una faida. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, unaomsaidia mchuuzi mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Fimbo zilizotengenezwa Marekani au Japani hazigeuki kuwa za Afrika Mashariki kwa kupita Busia. Anayezichanganya kwenye karatasi za maharage anahatarisha maharage pia. Aziandike peke yake, moja moja, pamoja na hali yake na stakabadhi ya ununuzi, ili afisa akadirie thamani ya chuma kikuukuu na si ya seti mpya.

Kazi yote hii inahitaji kipima pembe, kalamu na dakika chache kwa kila fimbo. Kijana wa Kitante aliyeweka akiba miezi kadhaa anastahili dakika hizo. Akipata alicholipia, atarudi kununua tena, na atawaelekeza wenzake.