Tusilisifu Gari Tukasahau Tope



Dominika moja baada ya Misa, wazee wa rika langu walikaa chini ya mwembe wa parokia, wakaanza kusimulia habari za magari ya zamani. Mmoja aliisifu Peugeot 404 ya baba yake, mwingine Datsun ya mjomba wake, wa tatu akakumbuka picha za mashindano ya Safari zilizobandikwa ukutani kwa kinyozi. Wote walipatana juu ya jambo moja: gari la siku zile lilikuwa gari kweli, na dereva wa siku zile alikuwa mwanaume kweli. Kijana mmoja anayejitafutia riziki kwa kubeba abiria kwa pikipiki aliwasikiliza kwa heshima, kisha akauliza: «Na barabara, wazee wangu, ilikwenda wapi?» Hakuna aliyemjibu. Nami nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Ndiyo sababu ninaandika.

Sisemi kwamba wazee hao wanasifu upuuzi. Safari ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za vumbi na matope ambazo mabasi na ng'ombe walizitumia siku ileile. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika tena 7. Mara zote mbili gari lililotangulia lilikuwa Peugeot 404, ndugu wa zile tulizopandia juu ya magunia tulipokuwa watoto. Joginder Singh, fundi aliyejifunza kazi katika gereji ya baba yake, alishinda mwaka 1965 katika Volvo kuukuu iliyokwisha kutumika, pembeni yake ameketi ndugu yake Jaswant. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Huo ni ustadi na uvumilivu, na mwenye kuudharau hajui kazi.

Lakini hamu ya mambo ya kale ni shahidi asiyesema yote. Mashindano yale ya kwanza yaliandaliwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Wakati huo Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na kijana wa Kikuyu hakuwa huru kutembea apendavyo katika nchi ya babu zake. Magari yalipewa njia. Mwenye nchi alinyimwa. Shekhar Mehta naye, aliyeshinda mara 5, alizaliwa Uganda. Ushindi wake wa kwanza ulikuja mwaka 1973, mwaka mmoja tu baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia, jamaa yake wakiwemo. Anayesema «siku zile zilikuwa njema» ajibu kwanza: njema kwa nani?

Kuna jambo zito zaidi. Magari ambayo wapenzi wa mashindano huyalilia kuliko yote ni yale ya Kundi B, ya miaka ya 1980, yenye nguvu kupita kiasi. Mwaka 1986, huko Ureno, mojawapo liliacha njia likaingia katika umati wa watazamaji na kuua watu. Miezi michache haikupita, huko Corsica, Henri Toivonen na msomaji wake wa njia, Sergio Cresto, waliteketea ndani ya lao. Wakuu wa mchezo waliyaondoa magari hayo mashindanoni tangu mwaka uliofuata. Hata leo wako wanaoiita miaka hiyo enzi ya dhahabu. Tazameni basi jinsi kumbukumbu isiyochungwa inavyokwenda: huanza kwa kupenda chombo, huishia kwa kusamehe kifo. Na kijana anayefundishwa kwamba uanaume hupimwa kwa mwendo atakipima chake njiani, akiwa na mama na mtoto nyuma ya pikipiki yake.

Sasa nirudi kwenye swali la yule kijana, maana ndilo linalotuchoma. Dereva wa Safari aliliendea tope kwa hiari yake. Alikuwa na mafundi wakimngoja mbele, na mwisho wa siku nne au tano alirudi nyumbani kwenye lami. Tope lilikuwa mchezo wake. Kwetu Kongo tope si mchezo. Ni lori lililonasa wiki nzima, mihogo ikioza juu yake. Ni mama mwenye uchungu wa kuzaa anayebebwa kwa baiskeli kwenda hospitali. Tukikaa kivulini kusifu gari lililoweza kulishinda tope, tumekwisha kufanya amani na tope lenyewe. Tumegeuza aibu yetu kuwa hadithi tamu. Wazee wangu, tuliikuta barabara. Tunawaachia watoto wetu masimulizi yake.

Mtu ataniambia: «Mwalimu, unatunyima hata furaha ya kukumbuka?» La. Mwalimu hawezi kuchukia kumbukumbu. Kazi yake yote ni hiyo. Ninadai tu kwamba ikumbukwe kamili. Simulieni habari za Joginder, lakini semeni kwamba kabla ya kuwa bingwa alikuwa fundi aliyenyoosha bati na kufungua injini kwa subira. Simulieni ushindi, lakini mtajeni pia msomaji wa njia, ambaye macho yake huwa kwenye karatasi ili mwenzake asikosee kona, na wanakijiji waliosukuma magari kutoka matopeni bila kupewa kikombe. Hayo yanaweza kurithiwa na kijana asiye na gari hata moja.

Kwa miaka mingi Safari ilikimbiwa wakati wa Pasaka. Basi na tukumbuke kwamba asubuhi ya Pasaka wanawake hawakuambiwa wabaki kaburini wakilinda yaliyopita. Walitumwa kwenda na kusema. Nanyi nendeni. Fanyeni salongo, mzibe mashimo ya njia iendayo kwenye kituo cha afya. Lakini msiishie hapo, maana jembe lenu halimwondolei mkubwa deni lake. Kila dereva hulipa peaje kizuizini. Ulizeni kwa adabu, kwa maandishi, tena na tena, fedha hiyo inatengeneza kilomita gani. Na mzee akiwaambia kwamba zamani kulikuwa na magari, mwitikieni kwa heshima, kisha mrudieni na swali la mwenzenu, wala msiondoke chini ya mwembe kabla hatujajibu.