MALEZI NYUMBANI: Mtoto na Michoro ya Kupima Akili

Usilolijua ni usiku wa giza. Mzazi wa Kasese au Bwera aambiwapo kwamba mwanawe ni mzito wa akili kwa kuwa ameshindwa kutambua michoro fulani, heri kwanza aulize: michoro hiyo ilichorwa na nani, kwa ajili ya mtoto wa wapi?

Swali hilo lina msingi. Mwaka 1966 wataalamu watatu wa Marekani, Segall, Campbell na Herskovits, walichapisha kitabu juu ya utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa, na miongoni mwa waliopimwa walikuwamo Banyankole na Batoro wa Uganda. Watu walionyeshwa mistari miwili yenye urefu sawa, lakini vijistari vilivyochorwa nchani viliufanya mmoja uonekane mrefu kuliko mwenzake. Wakazi wa Evanston, Marekani, walidanganyika zaidi kuliko Waafrika wengi. Wataalamu hao walidhani sababu ni kukulia katika nyumba za pembe mraba. Basi jicho nalo hufunzwa na mazingira. Kuona tofauti si upungufu wa akili.

Leo michoro ya namna hiyo hutengenezwa kwa kompyuta. Mwaka 2002 Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, alianza kuandika programu iitwayo PsychoPy. Programu hiyo huonyesha picha kwa muda uliopimwa barabara, kisha huandika jibu la mtu na wakati aliotumia kujibu. Nayo ni huria: hailipiwi, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyasahihisha na kuyagawa.

Faida yake kwetu ni kubwa. Mtafiti aweza kuondoa picha ya mashine ya kufulia akaweka mtumbwi wa Ziwa George, na maelezo akayaandika kwa Kikonzo. Hata hivyo, kubadili picha pekee hakutoshi. Sharti kipimo kijaribiwe kwanza kwa watoto wengi wa mahali hapo.

Mtoto wa askari huhama kambi hadi kambi, na lugha hubadilika kila ahamapo. Akishindwa kipimo, apelekwe kwanza hospitali akaangaliwe macho na masikio, kisha mwalimu aulizwe kipimo kilitoka wapi. Kabla ya hayo, neno "mjinga" lisitamkwe nyumbani, kwani mtoto hulibeba mpaka uzeeni.