"Uzee" Si Jina la Ugonjwa

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wanachama wenzangu na walimu wetu wapendwa, methali hii twaikariri kila siku darasani, lakini nyumbani ukiuliza babu alikufa kwa ugonjwa gani, unajibiwa tu, "Alizeeka." Mimi jibu hilo silikubali hata kidogo.

Chukueni mfano wa ugonjwa wa kurithi uitwao amiloidosisi. Ini hutengeneza protini iitwayo transithairetini, ambayo husaidia kubeba vitamini A katika damu. Mtu akirithi jeni yenye kasoro, protini hiyo hupoteza umbo lake na kujikusanya polepole katika moyo, hata kuta zake zikawa nene na ngumu. Moyo hushindwa kutanuka vizuri upokee damu. Ajabu ni kwamba ujana wote hupita salama! Aghalabu mambo huharibika baada ya miaka 60: miguu inavimba, pumzi inakatika kwa mwendo mfupi tu, na watu wanasema ni presha.

Kasoro moja ya namna hii ina asili yake Afrika Magharibi. Huko Marekani, kati ya Weusi 100, watatu au wanne wanayo, ingawa si wote watakaougua. Ati ugonjwa wa nadra! Nionavyo mimi, unaonekana nadra kwa sababu hautafutwi. Mara nyingi dalili hutangulia kwa miaka mingi, nayo ni vidole vya mikono yote miwili kufa ganzi. Nani atafikiria moyo, jamani, kwa sababu ya vidole?

Marehemu babu yangu alikuwa akiangusha kikombe cha chai kwa ganzi, baadaye akavimba miguu. Siwezi kusema alikuwa na ugonjwa huu maana hakupimwa. Majirani walisema karogwa, basi ikaishia hapo. Hilo ndilo linaloniudhi, kwani mwaka wa 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya tafamidisi, inayopunguza kasi ya ugonjwa huu moyoni. Haiponyi, kwa hivyo anayegunduliwa mapema ndiye anayefaidi. Tena, mzazi akiwa na jeni hiyo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Nimeanza kuandika ukoo wetu daftarini: nani alikufa, akiwa na umri gani, alianza kuumwa wapi. Mama amenitajia watu sita. Shangazi amekataa katakata, eti nachimbua makaburi. Nitamwendea tena likizo ya Agosti.