Fundo la mdogo

Juma lililopita niliahidi kuendelea na habari ya kuchagua mbegu, lakini mtanisamehe, mbegu zitangoja. Kuna neno linalonikaa moyoni tangu Jumatano, siku tulipokutana kwa likelemba. Ilikuwa zamu yangu kupokea, na mama mmoja akasimama kunisifu mbele ya wote: "Huyu alijisomesha mwenyewe, hakuwa na mtu." Mkapiga makofi na vigelegele. Nami nikacheka, nikapokea bahasha. Yaya wangu alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango, anachambua sombe mapajani. Hakuinua kichwa.

Ningeweza kusema neno moja tu. Sikulisema. Basi naliandika leo.

Yaya amenizidi miaka sita. Mwaka 1992 alikuwa na miaka 15, naye alikuwa bado kalasi ya sita ya msingi. Alichelewa kuanza masomo kwa sababu yangu: mama alipokwenda shambani, mimi nilikuwa mgongoni mwa yaya. Ninyi mliokuwa wakubwa wakati ule mnakumbuka hali. Mishahara ya walimu ilikuwa karatasi tu, walimu wakagoma, na wazazi wakaanza kuwalipa wenyewe ili shule zisifungwe. Feza ilipoteza bei juma kwa juma. Mwaka 1993 wakatuletea zaire mpya, nayo ikafuata njia ya ile ya zamani.

Baba alituita sote wawili akasema ana uwezo wa kulipia mmoja. Aliposema hivyo alimtazama yaya. Yaya akajibu, "Mdogo ndiye asome." Kwa miaka mingi nimesimulia jambo hili kana kwamba yeye alichagua. Sasa nina binti wa miaka 15 nyumbani, ninajua: mtoto wa umri huo akitazamwa na baba yake namna ile, hachagui kitu.

Akaingia kwenye biashara ya samaki. Alikwenda kwenye kambi za wavuvi upande wa ziwa Kabamba, akanunua kambale wabichi, akawakausha kwa moshi, akawapanga katika vikapu, kisha akapanda boti kwenda Bukama kwenye reli, maana huko wanunuzi wa Lubumbashi walikuwa wanangoja. Kutoka hapa kwetu Mulongo kwenda Bukama ni kupanda mto Lualaba, si kuteremka. Siku za njiani hazihesabiki vizuri, injini ikifa mnalala mlipo. Mvua ikinyesha juu ya vikapu, samaki wanaota ukungu na faida imekwisha.

Feza aliifunga kwenye pembe ya kikwembe chake kwa mafundo mawili. La kwanza lilikuwa la biashara. La pili aliliita fundo la mdogo. Nilimwona mara moja akirudi amepata hasara, vikapu viwili vimeoza, anafungua fundo la biashara na kutoa mpaka likabaki kitambaa kitupu. Lile lingine hakuligusa. Kwa fundo hilo nilimaliza shule ya msingi, kisha akanisindikiza mwenyewe, boti mpaka Bukama na gari moshi mpaka Kamina, nikaanza sekondari. Aliniachia sabuni mbili na samaki wa kutosha mwezi, akarudi siku ileile kwa sababu kulala Kamina kungekula feza.

Sasa sikieni jambo la mzaliwa wangu wa kwanza, ambaye leo ni mtu mzima ana ndevu. Miaka ile ya Mai-Mai, watu walipokuwa wanakimbia vijiji, tulilala kwenye kambi ya wavuvi na mtoto akaanza kuhara maji. Kipindupindu tunakijua sisi wa mtoni. Usiku ule hapakuwa na njia ya kufika kituo cha afya kabla ya kuchwa kucha, nami nililia tu, na diploma yangu yote. Yaya hakulia. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akachanganya, akaketi na mtoto mapajani akimnywesha kijiko baada ya kijiko mpaka alfajiri. Mtoto akitapika, yaya anangoja kidogo, kisha anaanza tena. Titi pia alinilazimisha nimpe. Kulipopambazuka tukapanda mtumbwi, mtoto akafika hai.

Kipimo chake ni hiki, nakiandika makusudi kwa sababu bado nasikia wamama wanakisia: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazisha juu. Msizidishe chumvi, inadhuru. Na maji hayo ni ya njiani tu. Mguu uwe tayari kuelekea kituo cha afya.

Lililo gumu zaidi kuandika ni hili. Wakati fundo la pili lilikuwa linanilipia mimi Kamina, binti wa kwanza wa yaya alikuwa anakua. Alipofika umri wa masomo, biashara ilikuwa imechoka na vita imekata njia. Aliishia kalasi ya nne. Mimi ni mama yake mdogo, nilikuwa tayari ninapokea mshahara, ingawa kidogo na kwa kuchelewa. Sikuuliza. Hakuna aliyenikataza kuuliza.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa yaya na nusu ya bahasha ya likelemba. Nikapiga magoti mlangoni kama tulivyofundishwa mbele ya mkubwa. Akaniambia niinuke, nitachafua kikwembe. Nikamweleza. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Ulicheka." Basi, hilo tu. Nikasema ndiyo, yaya, nilicheka.

Bahasha aliikataa. Alisema feza ya likelemba si ya kugawa hovyo, zamu za wengine nitazilipa na nini? Kisha akamwita mjukuu wake, yule aliyeanza kalasi ya kwanza Septemba 2019, mwaka ule Serikali ilipoondoa malipo ya shule za msingi. Mtoto amemaliza kalasi ya sita na vyeti vizuri. Baba yake anasema sasa abaki nyumbani, awabebe wadogo zake, maana mbele ya hapo kuna kulipa. Yaya alinitazama, akamtazama mtoto, hakusema kitu tena.

Tumezungumza na baba huyo jana. Hajakubali wala hajakataa. Anasema wadogo watabaki na nani. Ni swali la kweli, na jibu letu la kwanza ni kwamba wawili watashinda kwangu nikitoka kazini, na wa mgongoni atakwenda shambani na mama yake kama sisi wote tulivyokwenda. Bahasha iko kwa yaya. Ameifunga kwenye pembe ya kikwembe.

Jumatano ijayo nitaomba neno kabla hatujahesabu feza. Yaya amekubali kukaa mbele, lakini amesema sombe yake ataileta.

Habari ya mbegu, juma lijalo.