Umekinunua, Lakini Amri Iko Mikononi mwa Nani?

Mauziano yana maana inayofahamika na kila mtu: fedha hutoka mkononi mwa mnunuzi, bidhaa hutoka mkononi mwa muuzaji, na baada ya hapo kila mmoja huwa na mamlaka kamili juu ya kile alichokipata. Maana hiyo inabomolewa leo mbele ya macho yetu na aina mpya ya vyombo vya majumbani, na wengi wetu bado hatujatanabahi.

Tunakusudia vile vidhibiti vya nyumba, yaani kisanduku kidogo kinachowasha taa, kufunga mlango na kuendesha kiyoyozi kwa amri itokayo kwenye simu. Mtu hudhani kuwa simu yake inazungumza na kisanduku kilichoko sebuleni. Kwa vyombo vingi sivyo. Amri husafiri kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni katika nchi ya mbali, kisha hurudi kuwasha taa iliyo hatua tatu kutoka alipoketi mwenye nyumba. Kompyuta hizo zikizimwa, chombo kizima hubaki pambo.

Haya si ya kubuni. Huko Marekani kilikuwepo kidhibiti kiitwacho Revolv, kilichouzwa kwa takriban dola 300 pamoja na ahadi ya huduma ya maisha. Mwezi Oktoba 2014 kampuni iliyokitengeneza ilinunuliwa na Nest, iliyokuwa mali ya Google, na mauzo yakasimamishwa. Tarehe 15 Mei 2016 huduma ikazimwa, na visanduku visivyo na ubovu wowote vikafa majumbani mwa watu. Baada ya makelele kuenea ndipo zikaanza habari za kurejeshewa fedha. Basi tunauliza: maisha ya nani yalikusudiwa katika ahadi ile? Ya mnunuzi, ya chombo, au ya kampuni? Aprili 2022 wateja wa Insteon hata taarifa hawakupewa. Swichi za ukutani ziliendelea kuutii mkono, lakini programu ya simu ikanyamaza, mpaka mwezi Juni ambapo kundi la wateja wenyewe liliinunua kampuni hiyo ili kuifufua.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo tabia ya teknolojia, na asiyetaka na akae na kibatari chake. Hatukubaliani nao. Mfumo wa X10, ulioanzishwa mwaka 1975 na wahandisi wa Pico Electronics katika mji wa Glenrothes, Scotland, hupeleka amri kupitia nyaya zilezile za umeme zilizomo ukutani, wala hauombi ruhusa kwa yeyote aliye nje ya nyumba. Na wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tuzitazame mita zetu za LUKU. Mita hupokea tarakimu 20, huzihakiki yenyewe, na taa huwaka hata kama intaneti ya nchi nzima imekatika. Nayo ilikuwa na ukomo wake: hesabu ya dakika iliyoanza tarehe 1 Januari 1993 ilifikia mwisho tarehe 24 Novemba 2024, na mita ambayo haikusasishwa isingeweza kupokea umeme mpya. Lakini ukomo huo ulijulikana kabla, ukatangazwa, na wateja wakapewa tarakimu za kusasishia. Malalamiko kuhusu umeme tunayo mengi, ila katika hili haki itendeke: mambo yalifanywa kwa uwazi.

Ama kuhusu usalama, itoshe kutaja programu hasidi ya Mirai. Mwaka 2016 iliteka kamera na vifaa vingine vya majumbani kwa kujaribu tu jozi zipatazo 60 za majina na maneno ya siri yaliyotoka kiwandani, ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha. Vifaa vilivyotekwa hivyo vikatumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn tarehe 21 Oktoba mwaka huo, na tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki.

Uingereza imetunga sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024. Inapiga marufuku neno moja la siri kwa vifaa vyote, na inamlazimisha mtengenezaji aseme wazi ni kwa muda gani atakihudumia kifaa kiusalama. Sisi tunaona bidhaa ziuzwazo Kariakoo zinastahiki masharti hayohayo, na zaidi: iandikwe juu ya boksi, kwa Kiswahili, ni kazi zipi zitakazobaki pindi kampuni ikiondoka.

Mpaka hilo lifanyike, mnunuzi hana budi kujilinda, na hasa kamati za misikiti na madrasa zinazofunga kamera na vidhibiti, kwani fedha wanazozitumia si zao bali ni amana. Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji azime intaneti palepale dukani, kisha ajaribu kuwasha taa na kufungua picha za jana za kamera. Akikataa, duka la pili liko jirani.